Mwenda Bure si Mkaa Bure

Wahenga wetu walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa kijana anayengoja riziki imfuate kitandani. Lakini katika zama hizi, ambapo shindikizo la damu, kisukari na kiharusi vimepiga hodi katika mitaa yetu ya Unguja na Pemba, methali hiyo inastahili kusomwa upya. Mwenye kwenda huokota afya ya moyo wake, ya mishipa yake na ya viungo vyake. Na mwenye kukaa huipoteza afya hiyo kidogo kidogo bila ya kujua, mpaka siku anapoanguka.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hesabu ambazo kila mwenye dhamana ya watu angepaswa kuzisoma. Katika mwaka 2022, watu wazima 31 katika kila 100 duniani, yaani karibu watu bilioni 1.8, hawakuushughulisha mwili kwa kiasi kinachotosha kulinda afya. Mwaka 2010 walikuwa 26 katika kila 100. Mambo yakiendelea hivyo hivyo, itakapofika mwaka 2030 watakuwa 35. Mataifa yaliahidi kuipunguza idadi hiyo, na badala ya kupungua imezidi.

Kiasi chenyewe kinachotakiwa si kikubwa. Mtu mzima anatakiwa apate kwa wiki angalau dakika 150 za mwendo wa wastani, au dakika 75 za shughuli nzito ya kumfanya ahe­me. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba. Ukizigawa dakika 150 kwa siku tano utapata nusu saa kwa siku, muda ambao ni mfupi kuliko ule tunaoupitisha barazani baina ya Magharibi na Isha. Wala haikushurutishwa kuwa ni mchezo au mbio. Kulima, kuvuta nyavu, kufagia uwanja, kwenda sokoni kwa miguu na kupanda ngazi, yote hayo yamo katika hesabu.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Inapolala, sukari hubaki ikizunguka na kuiumiza mishipa. Moyo uliozoeshwa kazi hupiga kwa utulivu. Usiozoeshwa hutaabika kwa ngazi chache tu. Shirika hilo la Afya linasema kwamba mtu asiyeushughulisha mwili wake vya kutosha yumo katika hatari ya kufa mapema kwa asilimia 20 hadi 30 zaidi ya mwenzake anayeushughulisha. Na katika visiwa vyetu hatari hiyo haimhusu mgonjwa peke yake. Baba wa nyumba akipigwa na kiharusi akiwa na miaka 50, mke huacha biashara yake ili amuuguze, mtoto huacha skuli ili amsaidie mama, na ndugu huuza shamba ili watoe gharama. Anaanguka mtu mmoja, inalala nyumba nzima.

Wataalamu wetu wa afya wamelipa jambo hili jina la tabia bwete. Ni jina fupi na linakaa masikioni. Hata hivyo, sisi tuna shaka nalo. Neno bwete humtia mtu katika kundi la wavivu, na neno tabia huifanya aibu iwe yake pekee. Ukiwachunguza watu wazima wa visiwani mwetu kundi kwa kundi, utaona kwamba wengi wa wanaokaa hawakuchagua kukaa. Wamekalishwa: na kazi, na mji, na ada, na hata na mapenzi ya jamaa zao. Tena baadhi ya wanaokaa kuliko wote ni watu wanaochapa kazi kuliko wote. Ndiyo maana tunasema kwamba dawa ya jambo hili haiwezi kuwa moja kwa watu wote, na wala haiwezi kuachiwa kila mtu aitafute peke yake.

Tuanze na wale ambao hawana haja ya kuhubiriwa. Mchumaji wa karafuu wa Pemba hupanda mti tangu jua halijakuwa kali, hushuka na kupanda mwengine, kisha hubeba alichokichuma mpaka nyumbani, ambako kazi ya kuchambua na kuanika inamngoja. Mama wa Paje na Jambiani, tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, amekuwa akiyafuata maji ya bahari. Wakati wa bamvua maji yanapotoka huenda kwa miguu mbali pwani, huinama saa kadhaa akifunga mbegu katika kamba, na hurudi na mzigo wa mwani mbichi uliolowa. Mtu huyo kwa siku moja tu ya kazi hutimiza kiwango cha wiki nzima. Kumwendea na filimbi na kumhimiza afanye mazoezi ya viungo ni kumfanyia stihizai.

Anachohitaji yeye ni mapumziko, chakula cha kutosha, na vyombo vya kumpunguzia kuinama na kubeba. Watafiti wa nchi kadhaa wameona kwamba jasho la kazi ya sulubu isiyo na nafasi ya kupumzika halimpi mtu faida ile ile anayoipata mtu anayetembea kwa hiari yake na kwa kipimo chake. Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba watu wa shamba na wa pwani hawana tatizo, akafunga daftari. Tatizo lao ni jengine.

Isitoshe, kundi hili linabadilika mbele ya macho yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1978 Zanzibar ilikuwa na watu 476,111. Katika ile ya mwaka 2022 tulikuwa 1,889,773, na karibu nusu yetu tulihesabiwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Binti wa mkulima wa mwani leo anakaa nyuma ya meza ya kupokelea wageni hotelini. Kijana wa mchumaji wa karafuu amenunua pikipiki na anapakia abiria. Wamepanda daraja katika maisha, nasi tunawapongeza; lakini miili yao imetoka katika jua na imeingia katika kiti kwa kizazi kimoja tu, na hakuna aliyewaambia kuwa mabadiliko hayo yana gharama.

Gharama hiyo ilipimwa zamani, na ilipimwa katika kazi ambayo sisi sote tunaijua. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitako siku nzima. Utingo alipanda na kushuka akikata tikiti, na kwa siku moja ya kazi alipanda ngazi zaidi ya 500. Watu hao wawili walikuwa katika basi moja, walivuta moshi mmoja, na hali zao za maisha zilikaribiana. Lakini madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko matingo, na walipopatwa walikufa kwa wingi zaidi. Morris aliangalia pia watu wa posta, akaona hali kama hiyo: wapeleka barua waliokuwa wakitembea walisalimika zaidi kuliko makarani waliokaa mezani.

Kwa insafu ni lazima tueleze na yaliyofuata. Mwaka 1956 Morris na wenzake walizichunguza sare za wafanyakazi hao, wakaona kwamba suruali za madereva zilikuwa pana viunoni kuliko za matingo, hata kwa wale waliokuwa vijana. Yaani huenda watu wanene zaidi ndio walioingia katika kazi ya udereva tangu mwanzo. Mtaalamu huyo hakulificha jambo hilo. Alilichapisha mwenyewe, kisha akaendelea kutafuta. Hivyo ndivyo elimu inavyojengwa, na ndiyo sababu tunaiamini.

Sasa na tuzitazame barabara zetu wenyewe. Dereva wa daladala huingia katika kiti chake alfajiri na hutoka usiku. Chakula chake huletewa dirishani. Utingo wake huruka, huita, hupakia magunia juu ya gari na kuyashusha. Tunadhani kwamba utingo ndiye mwenye dhiki, na kwa jua na vumbi ni kweli; lakini kwa upande wa moyo, aliye hatarini ni yule anayeshika usukani. Na kijana wa bodaboda amekalishwa mapema zaidi, akiwa na miaka 20 tu. Kazi yake ni ya halali na hatumlaumu. Bali tukumbuke kwamba kila abiria anayepakiwa kutoka kituoni hadi mlangoni, safari ambayo mama yake aliikata kwa miguu kwa dakika 15, naye amepunguziwa mwendo wake wa siku.

Ama kundi linalofuata ni lile ambalo wengi wa wasomaji wetu wamo ndani yake: wafanyakazi wa ofisini na viongozi. Hapana kundi linalokaa kuliko hili. Zamani faili lilitoka chumba hiki likaenda chumba kile, na karani aliyelihitaji kwa haraka alilifuata mwenyewe. Baadaye tarishi alimwondolea safari hiyo. Leo hata tarishi hatumwi, kwa kuwa waraka hupita katika kompyuta. Mkubwa wa idara hutoka mlangoni kwake akaingia katika gari, hutoka katika gari akaingia ofisini, hutoka ofisini akaingia mkutanoni, na jioni hurudi kwake akakaa mbele ya televisheni. Pengine amefanya kazi saa kumi, amechoka kweli kweli, na mguu wake haukukanyaga hata robo maili. Mtu huyu ukimwita mvivu utamdhulumu. Lakini mwili haujui kama bwana wake alikuwa akiandika bajeti ya wananchi au alikuwa akipiga soga. Unachojua ni kwamba ulikaa.

Kwa watu hao tuna habari njema, nayo inatoka kwa Morris yule yule. Aliwaendea wafanyakazi wa serikali ya Uingereza, wanaume 16,882 wenye umri wa miaka 40 hadi 64, wote wakiwa na kazi za kukaa. Aliwataka waandike walichokifanya katika saa zao za mapumziko, kisha akawafuatilia. Matokeo ya mwaka 1973 yalionesha kwamba wale walioandika kuwa walifanya shughuli nzito nje ya saa za kazi walikuwa na hatari ya kupatwa na maradhi ya moyo iliyo kiasi cha thuluthi moja tu ya hatari ya wenzao wasiofanya. Kwa hivyo kiti cha ofisi si hukumu. Anayekalishwa na kazi anaweza kujikomboa baada ya kazi. Morris mwenyewe aliishi miaka 99, akafariki mwaka 2009.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Uingereza ili tupate mfano wa kiongozi anayetembea. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliondoka Butiama akatembea kwa miguu mpaka Mwanza, masafa ya zaidi ya kilomita 200. Alikuwa Rais wa nchi, na umri wake ulikuwa miaka 45. Alitembea kwa sababu za siasa na wala si kwa ajili ya mazoezi; lakini wananchi waliona kwa macho yao kwamba cheo hakimkatazi mtu kutumia miguu yake. Siku hizi tumefika mahali ambapo ofisa akionekana anakwenda kazini kwa miguu watu humuuliza kama gari lake limeharibika. Fikira hiyo ndiyo inayopaswa kuharibika.

Mwenye duka naye ni ndugu yake mtu wa ofisini. Hufungua mlango mapema na kufunga baada ya Isha, na baina ya nyakati hizo hutumia mkono kutoa bidhaa na kupokea fedha. Yeye hana saa ya kutoka kazini, wala hana mkubwa wa kumpa ruhusa. Kwake yeye ushauri wa kutembea nusu saa kwa mkupuo hauna maana. Lakini dakika kumi mara tatu zina maana, kwa kuwa wataalamu wamekwisha kueleza kwamba mwendo wa vipande vipande nao huhesabiwa. Akiweza kuiendea bidhaa yake badala ya kuletewa, na kusimama kila anapompokea mteja, atakuwa ameanza.

Sasa tuje kwa wanawake wa mjini, na hapa tunaomba tusomwe kwa makini. Katika hesabu za dunia tulizozitaja, wanawake wasioushughulisha mwili vya kutosha ni 34 katika kila 100, na wanaume ni 29. Mama wa mjini haonekani kuwa amekaa. Yeye ndiye anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Lakini bibi yake alitwanga, alichota maji na alikwenda kuni. Leo mpunga hukobolewa kwa mashine, maji yako mferejini, na jiko ni la gesi. Hizo ni neema ambazo nchi ilizifanyia kazi, na hatutaki mama yeyote arudishwe kisimani kwa jina la mazoezi. Isipokuwa neema hizo zilipokuja zilimkuta katika nyumba ndogo isiyo na uwanja, na hazikumfungulia mahali pengine pa kwenda.

Mwanamume akimaliza kazi ana kiwanja cha mpira, ana pwani, ana njia nzima. Mwanamke akitoka jioni akatembea mwendo wa haraka, ataulizwa anakwenda wapi. Na akijibu kwamba haendi popote, jibu hilo litazua maneno. Methali ya mwenda bure haijawahi kufasiriwa kwa ajili yake. Yeye huruhusiwa kwenda kwa sababu: arusini, mazikoni, sokoni, hospitali. Na tunasikitika kusema kwamba kwa wengi wao safari ya kwanza ya mazoezi huamriwa na daktari, baada ya kisukari kuwa kimekwisha kuingia. Hatuoni kwamba heshima ya mwanamke inavunjika kwa kutembea na wenziwe akiwa amejisitiri. Tunaona kwamba jamii inayomngoja augue ndipo impe ruhusa haijamheshimu vya kutosha.

Wazee nao wana kisa chao. Hesabu zinaonesha kwamba baada ya miaka 60 ukosefu wa mwendo huongezeka kwa wanaume na wanawake pia. Sehemu ya jambo hilo ni umri wenyewe, na sehemu ni mapenzi yetu. Mzee akifika makamo hayo mwanawe humwambia, "Baba pumzika, umeshafanya yako." Jembe huchukuliwa mkononi mwake. Mjukuu humletea maji hata kama mtungi uko hatua tano. Akitaka kwenda msikitini kwa miguu, gari limekwisha kuwashwa. Yote hayo ni adabu tuliyofunzwa tangu chuoni, na hatuna nia ya kuivunja. Lakini tuangalie kukaa kunafanya nini.

Mwaka 1966, katika mji wa Dallas nchini Marekani, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu ili madaktari wawapime. Walipoamka, uwezo wa miili yao kutumia hewa katika kazi ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye, watu hao hao watano walipimwa tena, wakiwa na umri wa miaka 50. Ikaonekana kwamba wiki tatu za kitanda ziliwadhoofisha zaidi kuliko ilivyowadhoofisha miaka 30 ya umri. Ikiwa kulala kulimfanyia hivyo kijana mwenye nguvu, kiti cha mlangoni kitamfanyia nini mzee wa miaka 70? Misuli ya mapaja hulegea, mizani ya mwili hupotea, na siku moja mzee huanguka ukumbini akavunjika nyonga. Wataalamu wanashauri kwamba wazee wafanye mara tatu kwa wiki shughuli za kutia nguvu na kuimarisha mizani ya mwili. Kuinuka kitini mara kumi bila ya kushika kitu ni shughuli ya namna hiyo, na kumwagilia mchicha uani ni shughuli pia. Basi mzee anayeweza kwenda msikitini kwa miguu na asindikizwe kwa miguu. Huko ndiko kumtunza.

Mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu asidhani kuwa maneno haya hayamhusu. Naye ana kiasi chake anachokiweza, na kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Ila mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi za shida na amuone daktari kabla ya kuanza. Na asiyezoea aanze kwa dakika chache na azidishe wiki kwa wiki.

Tukiyatazama makundi yote haya kwa pamoja tunapata rai zetu kwa Serikali, kwa mabaraza ya miji na kwa masheha.

Kwanza, hesabu na zifanywe kwa makundi. Mwaka 2011 Zanzibar ilifanya utafiti wa vihatarishi vya maradhi yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 25 hadi 64, na mwendo wa mwili ulikuwa miongoni mwa yaliyoulizwa. Maswali ya utafiti wa namna hiyo hutenganisha mwendo wa kazini, mwendo wa safarini na mwendo wa mapumzikoni. Utengano huo ni johari. Wastani wa watu wote humchanganya mama wa mwani na karani wa mjini ukatoa mtu wa tatu ambaye hayupo. Kila utafiti kama huo unapofanywa, majibu yasomwe kwa kazi, kwa jinsia, kwa umri na kwa shehia, ili sheha ajue katika eneo lake ni nani aliyekalishwa na kwa sababu gani.

Pili, njia za waendao kwa miguu. Barabara nzuri ni maendeleo, lakini barabara isiyo na njia ya pembeni humwambia mwananchi kwamba asiye na gari hana haki ya kupita. Njia hizo ziwe na kivuli cha miti na taa za usiku, na zisigeuzwe mahali pa kuegesha magari wala kupanga bidhaa. Tunaamini kwamba njia moja yenye kivuli kutoka mtaani hadi sokoni itawatembeza watu wengi kuliko mabango kumi.

Tatu, viwanja vya wazi. Kiwanja kinachogaiwa kwa ujenzi leo hakirudi tena. Mwenye kutia saini ya kukitoa na akumbuke kwamba anatia saini pia juu ya miguu ya watoto na wazee wa mtaa ule. Na katika viwanja vilivyobaki, zitengwe saa maalumu kwa wanawake, chini ya walimu wanawake, mahali penye stara na penye ulinzi.

Nne, maofisi yawe mfano. Mikutano isiyohitaji kuandikwa inaweza kufanywa watu wakiwa wamesimama. Mwenye afya apande ngazi, na lifti aachiwe mwenye kuihitaji. Mkubwa akitembea, wadogo watatembea. Mkubwa akikaa, waraka wake wa kuhimiza mazoezi utasomwa kwa heshima na kuwekwa mtotoni.

Tano, vikundi vya mazoezi. Hapa visiwani tuna sababu ya kujivunia, kwani vikundi hivyo vimeenea, na tarehe 1 Januari hukusanyika kutoka Unguja na Pemba kwa matembezi na maonesho ya pamoja. Wanaotembea siku hiyo tunawapongeza. Ila mwaka una siku nyingine 364, na dereva wa daladala, mwenye duka na mama wa nyumbani hawamo katika vikundi hivyo kwa wingi. Kila kikundi na kijiulize ni nani katika mtaa wake ambaye hajawahi kualikwa, na kwa nini saa ya mazoezi haimuwafiki.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayetafuta chakula cha leo hana nafasi ya kufikiri juu ya dakika 150. Wanasema kweli kwa sehemu. Ndiyo maana hatukuanza na mtu huyo, tulianza na njia anayopita, kiwanja alichonyang'anywa, kiti alichopewa na ada iliyomfunga. Hayo yakirekebishwa, mwendo utakuwa sehemu ya siku yake bila ya kumgharimu senti. Na yale yaliyo katika uwezo wetu wenyewe tusiyangoje: kushuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, kumwachia mzee jembe lake dogo, kumsindikiza mke au dada au mama kwa mwendo wa jioni bila ya kumuuliza anakwenda wapi.

Ajizi ni nyumba ya njaa, walisema wazee, na katika jambo hili ni nyumba ya maradhi pia. Tunawaomba wenye dhamana waanze kwa kuwatazama watu wao kundi kwa kundi, na wajitazame na wao wenyewe, kwani kundi linalokaa zaidi ndilo linaloamua njia ipite wapi na kiwanja apewe nani.